Gari la kukodi lina uraia wake: Geneva mpaka Courmayeur kwa handaki la Mont Blanc

Mi ni mtu wa Moshi. Nalisema mapema mjue kwamba theluji nimeiona tangu nazaliwa, asubuhi mawingu yakifunguka ile pale juu ya Kibo, ila kuiona na kuikanyaga ni vitu viwili tofauti kabisa, na mpaka nafika miaka 41 sikuwahi kuigusa ya maana, hii ya huku Leicester tunakoishi inadondoka asubuhi, mchana imeshageuka tope.

Sasa mdogo wangu wa kike anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Courmayeur, upande wa Italia wa mlima Mont Blanc. Watu wa hoteli za theluji Krismasi hawaachiwi, Pasaka hawaachiwi, kwa hiyo Februari 2024 akatupigia akasema kaka, mkinisubiri mimi nije huko tutaonana nimezeeka, njooni nyie, chumba kipo. Tukakata tiketi za ndege za bei chee mpaka Geneva, mimi, mke wangu, watoto wawili na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, mtoto wa Bujumbura anayekimwaga Kifaransa kama maji. Shemeji tulimchukua kwa ajili ya hicho Kifaransa na hakuna aliyemficha.

Ramani inasema Geneva mpaka Courmayeur ni kilomita mia moja na kidogo tu, saa moja na nusu. Sisi ilituchukua zaidi ya saa tano. Na mlima haukuwa na kosa lolote.

Kosa la kwanza nililifanya nikiwa kitandani kwangu Leicester na simu mkononi. Uwanja wa ndege wa Geneva una pande mbili, upande wa Uswisi na upande wa Ufaransa, jengo ni lile lile moja ila mlango mwingine unakutolea Uswisi na mwingine unakutolea Ufaransa. Gari la upande wa Ufaransa lilikuwa nafuu sana, karibu nusu ya lile la upande wa pili, mtu gani ataacha? Nikabonyeza. Sikujiuliza kwa nini ni nafuu. Mzee wangu alikuwa anasema rahisi ni ghali, na mimi nilikuwa nadhani anaongelea redio za kichina.

Sikilizeni, gari la kukodi lina uraia. Gari la upande wa Uswisi kwa kawaida linakuja na stika ya barabara kuu za Uswisi imebandikwa tayari kwenye kioo na tairi za theluji miguuni. La upande wa Ufaransa stika usitegemee, na tairi inabidi uulize. Hiyo stika ni faranga 40, inauzwa ya mwaka tu, hakuna ya siku moja wala ya wiki, upite dakika kumi au upite mwaka mzima ni faranga 40 zile zile, na ukikamatwa kwenye barabara kuu huna ni faini faranga 200 na stika yenyewe unanunua juu yake. Tangu Agosti 2023 unaweza kuinunua mtandaoni, ila inafungwa na namba ya gari, na namba ya gari la kukodi unaijua ukishakabidhiwa funguo, kwa hiyo kama ulijipanga kuinunua nyumbani umekwama.

Dirishani pa kuchukulia gari kijana alikuwa na haraka. Akataka kadi ya krediti yenye jina la dereva mwenyewe, siyo ya mke, siyo ya benki ya kawaida ya kutolea hela, akazuia dipoziti iliyonifanya nimeze mate. Nikamuuliza gari lina tairi za theluji, akajibu ndiyo bila kuinua kichwa. Shemeji hakuridhika. Kule paking akachuchumaa na tochi ya simu anazunguka tairi moja baada ya nyingine kama fundi wa Gerezani anayenunua gari la mtu, anatafuta ile alama ya mlima wa vilele vitatu wenye kiua cha theluji katikati. Aliiona zote nne. Mi nilimcheka, lakini mwenye akili alikuwa yeye, maana Ufaransa tangu Novemba 2021 wana sheria kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi kwenye maeneo ya milima uwe na tairi nne za hivyo, au uwe na minyororo ya kufunga kwenye tairi ndani ya buti. Neno la kijana mwenye haraka halikuvushi kwa askari.

Basi, nikakaa kwenye usukani. Nimejifunza gari Moshi, nikaendesha Dar, nikaja kuendesha Uingereza, kote huko tunapita kushoto na usukani uko kulia. Hapa usukani kushoto na njia ni kulia. Gari lenyewe manyo. Nusu saa ya kwanza kila nikitaka kubadilisha gia mkono wa kushoto unagonga mlango, pa! watoto nyuma wanacheka, pa! tena. Na kipilefti za kule jamani siyo kipilefti, ni kipiraiti, unaingia kwa kulia unazunguka kinyume na ulivyozoea, na kichwa kinageuka kuangalia upande ambao hakuna gari linalokuja. Mke wangu nikampa kazi moja tu, kila tukikaribia kona aseme "kulia baba, kulia". Alisema hivyo safari nzima mpaka sauti ikakauka, na naomba niseme wazi kwamba bila yeye tungekuwa tumegongana na basi pale pale Ferney-Voltaire.

Maana ukitoka upande wa Ufaransa wa ule uwanja unatokea Ferney-Voltaire, ambayo ni Ufaransa, na Chamonix, handaki linakoanzia, nako ni Ufaransa, ila katikati imekaa Geneva, ambayo ni Uswisi. Njia ya haraka ni barabara kuu ya Uswisi, na hiyo inataka stika. Mi kwa ubahili wangu nikasema faranga 40 kwa dakika ishirini hapana, tutapita mjini, mitaa ya mjini haitaki stika. Ni kweli haitaki. Lakini ilikuwa Jumamosi. Tuliganda kwenye daraja la ziwani pale kati, watoto wakapiga picha ule mrusho wa maji unaokwenda juu mpaka wakachoka nao, wakasinzia, wakaamka, mrusho bado uko dirisha lile lile. Na miezi miwili baadaye barua ikaja Leicester, kumbe mtaa mmoja ulikuwa wa spidi 30 na mimi nilikuwa na 41, faini ya kwao, halafu kampuni ya gari nayo ikakata hela yake ya "huduma" kwa kuwatajia askari jina langu. Sitaki kujumlisha. Stika ningenunua mbili.

Jumamosi yenyewe ni somo. Kule watu wanapanga vyumba Jumamosi kwa Jumamosi, kwa hiyo siku hiyo moja wanaotoka wote wanashuka na wanaoingia wote wanapanda, na Februari ndo likizo ya shule ya baridi ya Wafaransa. Serikali yao ina huduma ya kutabiri foleni inaitwa Bison Futé, ipo tangu miaka ya 1970, inazipaka siku rangi: kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Sisi Waswahili tunatabiri mvua, wenzetu wanatabiri foleni na wanapatia. Shemeji aliifungua kwenye simu tukiwa tumeshakwama, akasoma, akaifunga bila kusema kitu, nikajua.

Tulipofika barabara kuu ya Ufaransa, wanaiita Autoroute Blanche, nikapumua. Hapo ndo geti la kwanza la tozo, Nangy. Mi nimezoea daraja la Kigamboni, unafika dirishani kuna dada unampa hela anakupa risiti. Hapa yako mageti kama kumi, juu kila moja lina alama yake, na gari za nyuma zinakusukuma. Nikaona moja halina foleni kabisa, nikasema Mungu ni mwema, nikaingia. Juu yake palikuwa na herufi t ya rangi ya chungwa peke yake. Hiyo t maana yake ni ya wenye kale kadude ka kubandika kiooni kanakolipa kenyewe. Hakuna mahali pa kuweka kadi wala sarafu, chuma kimelala mbele, nyuma wameshajipanga watano na honi. Rivasi haiwezekani na usijaribu. Kuna kitufe cha msaada, nikabonyeza, ikatoka sauti ya mama anauliza kitu, shemeji akajivuta kutoka kiti cha nyuma akanilalia begani na kuanza kumbembeleza yule mama kwa Kifaransa cha Bujumbura chenye adabu zote, madame hivi, madame vile, mpaka tukaelekezwa jinsi ya kulipa na chuma kikanyanyuka. Kama huna mtu wa Bujumbura kwenye gari, tafuta geti lenye mshale wa kijani au picha ya kadi, hata kama lina foleni ya kilomita.

Baada ya Le Fayet barabara kuu inaisha na mlima unaanza, magari yanapanda kwenye madaraja marefu yaliyobandikwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali upande mwingine ni hewa. Hapo nje ilishafika nyuzi tisa chini ya sifuri. Barabara imemwagiwa chumvi, magari ya mbele yanatimua maji ya chumvi, yanatua kwenye kioo changu yanakauka yanakuwa meupe kama chokaa. Nikavuta maji ya waipa. Kimya. Nikavuta tena, mota inalia ziii, maji hayatoki. Yaliyomo yalikuwa maji ya kiangazi, yameganda kwenye mipira. Waipa zikapita kavu, zikapaka ile chokaa kioo kizima, na jua la jioni linanipiga usoni. Niliendesha kama kilomita nne nikichungulia kwenye kitundu cha ukubwa wa sahani, mke wangu ameacha kusema kulia baba, sasa anasali.

Tukasogea mpaka kwenye foleni ya geti la handaki, magari yamesimama. Shemeji akasema ngoja, akatoka na chupa ya maji ya kunywa na tishu akamimina kiooni. Jamani. Yaliganda kabla hajaleta tishu. Sasa tuna chumvi na juu yake barafu. Tukakwangua na kadi ya pointi ya supamaketi, mimi upande huu yeye upande ule, vidole vimekufa ganzi, na kwenye gari la pembeni kuna mzee wa Kiitaliano anatuangalia kwa huruma, mwisho akashusha kioo akatupa kopo la dawa ya kuyeyushia barafu, akafanya ishara ya kupuliza. Tulipuliza. Kesho yake nilinunua dumu la yale maji ya bluu, unasoma kwenye dumu yanahimili mpaka ngapi, chukua ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwenye gari la kukodi ndo kitu cha kwanza kujaribu, kabla ya redio, kabla ya kiti. Vuta kile kijiti cha waipa uone kinatoa nini.

Handaki lenyewe kulipia ni mchezo mwingine. Gari dogo kwenda tu ilikuwa yuro 50 na kitu, kwenda na kurudi ilikuwa karibu 70, na tiketi ya kurudi ina siku zake za kuisha, siyo ya milele. Unaona mwenyewe hesabu ilivyo, nikachukua ya kwenda na kurudi. Pamoja na tiketi wanakupa na kikaratasi cha maelekezo. Mi vikaratasi huwa natupia kwenye dashibodi, ila hapa foleni ilikuwa inaachiwa kidogo kidogo, magari machache machache, nikapata muda wa kukisoma chote.

Ndani spidi isizidi 70 na isipungue 50. Kati yako na gari la mbele mita 150, na ukisimama, mita 100. Taa za bluu ziko ukutani zimepangwa ili upimie, kwa hiyo huna kisingizio. Hakuna kuovateki, hakuna kugeuza, na kamera zinapima. Mi mara ya kwanza nikaona wanajifanya tu. Shemeji ndo akatuhadithia, na alihadithia kwa Kirundi ili watoto wasiogope, mke wangu akawa ananitafsiria kwa sauti ya chini. Tarehe 24 Machi 1999 lori la Kibelgiji lililobeba unga na majarini lilishika moto katikati ya handaki hili, moto ukawaka zaidi ya siku mbili, wakafa watu 39. Handaki ni moja, njia ya kwenda na ya kurudi mle mle, moshi ukaziba. Wengi walikutwa ndani au karibu na magari yao. Kulikuwa na mlinzi wa upande wa Italia mwenye pikipiki, Pierlucio Tinazzi, aliingia kuwafuata watu ndani ya moshi na yeye akafia humo. Wakalifunga mpaka 2002. Sasa hivi kuna vyumba vya kukimbilia kila baada ya mita 300, vina hewa yake, na zile mita 150 zimetoka huko.

Baada ya kusikia hivyo sikuwa na ubishi tena na kikaratasi.

Tukaingia. Kilomita 11.6. Na sekunde ile ile ya kuingia kioo chote kikawa cheupe tena, fuu, kama mtu ametandaza shuka. Gari limetoka kwenye baridi kali, mle ndani kuna joto na unyevu, kioo kinavuta ukungu kwa nje, siyo kwa ndani, kwa hiyo ukipuliza feni ya ndani hausaidiki. Moyo ulinipasuka. Waipa mara mbili ukaondoka, na tena ukatusafishia ile chumvi iliyobaki. Kwa hiyo kabla hujaingia weka mkono kwenye waipa, usiwe unaitafuta mle mle, hasa kama kwako huwa iko mkono wa pili na unaishia kuwasha indiketa.

Dakika kumi hivi. Siyo nyingi, ila mle hazipiti kama za nje. Taa, taa, taa, bluu, mlango wa kijani, taa. Malori yanayokuja yanakupita mkono wa kushoto karibu karibu, na mtu aliyezoea kukaa upande wa kulia wa gari hajui ubavu wake wa kulia unaishia wapi, mi nilikuwa nauvutia ukutani mpaka mke wangu akasema baba, kulia imetosha. Juu yetu palikuwa na mlima zaidi ya kilomita mbili kwenda juu. Mtoto mdogo akauliza, baba, mlima hauchoki? Hakuna aliyemjibu. Mle mle ndani unapita alama ya mpaka, ghafla uko Italia, hakuna askari wala mhuri.

Courmayeur siongei sana. Mdogo wangu alitupokea na pilau aliyopika kwenye jiko la wafanyakazi wa hoteli, tukalia kidogo, tukala sana. Watoto siku mbili tu wanateleza kama wamezaliwa huko, mimi nilikodi mabuti na skii za siku moja, nikaanguka mara zisizo na idadi kwenye kile kiwanja cha watoto wa chekechea, nikarudisha saa sita mchana. Ila theluji niliigusa. Nilijaza mikono yote miwili nikaila kabisa. Wenyeji wakawa wananionesha kile kilele chao kwa fahari, mita elfu nne na mia nane na kitu, nikatingisha kichwa kwa heshima, sikuwaambia kwetu ni 5,895. Mgeni ana adabu zake.

Usiku mdogo wangu akanipa maelekezo ya gari ambayo kampuni haikunipa: breki ya mkono usivute usiku, inaweza kugandia, acha gari kwenye gia ya kwanza na magurudumu yakatie ukingoni. Waipa zinyanyue zisimame, la sivyo mpira unashikana na kioo ukiwasha unachanika. Theluji ya juu ya paa ishushe yote kabla ya kuondoka, ukifunga breki inakuja yote mbele kiooni kama maporomoko. Nilifuata yote. Asubuhi ya kuondoka gari lilikuwa kichuguu tu, tulilichimbua kwa sepetu ya hoteli dakika arobaini, likawaka bila shida.

Sasa lile jambo ambalo mke wangu mpaka leo halizungumzii mbele za watu, ila mi nimeamua kulisema. Tumefika geti la handaki upande wa Italia, najipapasa mfukoni, tiketi ya kurudi haipo. Dashibodi haipo. Chini ya viti haipo. Tukasogea pembeni, tukatoa mabegi. Mi tangu utoto risiti haikai kwangu. Siku ile ya kwanza tulipofika nilikusanya makaratasi ya sandwichi, maganda ya machungwa na vikaratasi vyote vya kwenye mlango wa gari, nikatia kwenye mfuko mmoja nikasokomeza pipani kwa moyo wa usafi. Gari lilikuwa linang'aa. Tiketi ilikuwa inafanana na risiti nyingine yoyote. Shemeji alijaribu, sasa kwa Kiitaliano cha kubahatisha na mikono miwili, yule mtu wa dirishani alikuwa mpole kabisa, akasema hapana kwa upole. Nikalipa tena yuro 50 na kitu. Mke wangu hakusema kitu, akatoa kitambaa akafuta kioo cha mbele upande wangu, taratibu, akarudi kukaa.

Hapo mtu anajiuliza, si mngepita njia nyingine? Hata mi niliuliza simu. Nilizima barabara za kulipia kwenye ramani, ikalikwepa na handaki lenyewe, ikaanza kunipeleka dunia nyingine huko, maana zile njia za juu za zamani, za Saint Bernard mkubwa na mdogo, baridi zinafungwa zimejaa theluji. Wakati wa baridi ni shimo au mzunguko mrefu.

Kushuka upande wa Ufaransa ndo sehemu pekee ya safari nzima niliyojua ninachofanya. Mjomba wangu aliendesha malori ya Dar kwenda Tunduma miaka mingi, na nikiwa kidato cha pili alinichukua likizo tukashuka naye Kitonga. Nakumbuka alivyoniambia: mlima unashuka na gia uliyopandia. Siyo breki, gia. Breki ni ya kumalizia. Kule kwenye yale madaraja kabla ya Le Fayet, theluji pembeni, lami inang'aa, nikaona magari ya mbele taa nyekundu zinawaka, zinawaka, haziachi, madereva wamekanyaga breki mwanzo mpaka mwisho. Moja, gari kubwa la kifahari, lilianza kucheza mkia kwenye kona, likajirudi. Mi nikarudi gia ya tatu, nikaacha injini ilie, mguu uko pembeni, tukashuka kama wazee. Harufu ya breki za watu ilikuwa inaingia mpaka ndani. Na sasa mkono ulishazoea, haugongi mlango tena.

Kurudisha gari nako tulipotea, naweka kwa kifupi: ukiandika uwanja wa ndege wa Geneva simu inakupeleka upande wa Uswisi. Unaliona jengo, unaiona kampuni yako na rangi zake, unaingia, wanakwambia gari hili siyo la hapa. Ni kampuni ile ile! Siyo la hapa, ni Mfaransa. Inabidi urudi mpaka Ferney-Voltaire uingie tena kwa njia ya forodha, na dirisha la kurudishia ulipite kwa mkono wa kulia kwenye kipiraiti, si mnaona. Tulikimbia mpaka geti la ndege na watoto mgongoni.

Jioni tukiwa nyumbani nikamtumia mjomba video ya kuingia handakini, akaniambia nimpigie. Hakuuliza theluji, hakuuliza Italia. Akauliza kule kwenye mteremko ulishuka na ngapi.

Nikamwambia tatu, mjomba.

Akanyamaza, nasikia kuku wake nyuma. "Na mzigo?"

Watu watano na mabegi.

"Ungeweka mbili," akasema, halafu akaomba kuongea na shemeji.